Vigingi Katikati ya Bonde

Asubuhi hiyo stesheni ilifurika watu hadi mlangoni, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mchoraji naye alikuwa na haraka yake: alikwenda kuachana na kitu alichokipenda kuliko vyote. Begani alibeba mfuko mrefu wa turubai, na ndani yake stendi ya kuchorea, ile ya miguu mitatu aliyopanda nayo vilima tangu usichana wake. Alikuwa akiipeleka kwa rafiki yake anayefundisha sanaa, iwafae wanafunzi.

Yeye haikumfaa tena. Siku hizi alijifungia chumbani akinakili machweo kutoka kwenye simu, ya kupambia kuta za mahoteli: jua lile lile, maji yale yale, ndege wale wale pembeni. Mkono ulichora, moyo umelala fofofo.

Karibu na lango akapigwa kikumbo. Mfuko puu chini! Na mfuko mwingine puu juu yake.

"Samahani sana, dada! Umeumia?"

Alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, buti zimejaa udongo mwekundu, na mwanya uliomfanya aonekane anacheka hata akiomba radhi.

"Sijaumia. Ila macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo. Yamepotelea kwenye hicho kilemba cha manjano."

Mchoraji alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Honi ikapigwa nje, kijana akanyakua mfuko mmoja na kutokomea kwenye umati.

Mchoraji alikuwa bado njiani simu yake ilipoita.

"Halo? Ni mwenye kilemba?"

"Nani mwenzangu?"

"Yule asiye na macho. Namba yako imeshonwa kwenye mfuko huu. Dada yangu, niko juu ya kilima, wenzangu wamenizunguka wananicheka. Nimefungua nipate miguu ya darubini yangu ya kupimia ardhi, nimekuta vijiti vyenye madoa ya rangi kama vimepata surua!"

Mchoraji akaufungua mfuko alionao. Miguu mitatu ya chuma, ya njano, mizito. Namba ya simu ilikuwa kazi ya shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, ambaye hukishonea jina au namba kila kitu kitokacho nyumbani mwake. Isingekuwa sindano ya shangazi, wangetafutana hadi kesho.

"Nitakuletea," alisema. "Lakini vijiti vyangu usivitukane."

Alipanda pikipiki hadi nje ya mji, akamalizia kwa miguu. Alipofika kileleni alitweta, akageuka kutafuta hewa, na pale pale akasahau kuitafuta.

Bonde lilikuwa limelala chini yake. Kijito kilijikunja kati ya miti mirefu, kivuli cha wingu kikitambaa juu ya majani, na yale majani yakibadilika rangi kila kivuli kilipopita: kijani, fedha, kisha kijani kisicho na jina. Kwenye simu, rangi huwa zimesimama. Hapa hazikutulia hata kidogo.

"Vipi, nikuletee maji?" mpima ardhi aliuliza.

"Niletee vijiti vyangu."

Mfukoni pembeni mlikuwa na mirija michache ya rangi na kipande cha ubao. Akachora huku upepo ukimpuliza vumbi kwenye rangi mbichi, akafuta, akachora tena, gauni lake la kijani likapata madoa asiyoyajali. Jua lilipoinama, mpima alikuja kuchungulia.

"Huo mti mbona umeufanya wa bluu?"

"Utazame vizuri."

Akautazama kwa jicho moja, kama alivyozoea kazini. "Haki ya Mungu! Ni wa bluu!"

Stendi haikufika kwa wanafunzi. Kuanzia hapo, kila alipopata nafasi mchoraji alipanda kilima, na yule kijana alipata nafasi nyingi za ajabu za kupima upande ule ule. Walikula mihogo ya kuchoma wakiwa wameegemea mwamba. Kijana alimwita Bi Rangi. Naye akamwita Bwana Vipimo. Usiku simu hazikukatika.

"Umelala, Bi Rangi?"

"Ningelala, ungeniachia?"

"Basi niambie leo umechora nini."

"Nimechora wingu. Likakimbia kabla sijalimaliza. Lina tabia zako."

"Mimi sikimbii, mpenzi. Mimi hata ukinifukuza sitoki."

Shangazi, aliyekuwa akisikia yote kupitia ukuta, alikohoa. "Mwambie basi aje mchana, tumwone sura. Sauti tumeichoka!"

Ndipo siku moja mchoraji akapanda bila kuaga, apate mwanga wa alfajiri. Ukungu ulipofunguka aliona vigingi. Vilishuka kilimani kwa mstari ulionyooka, kila kimoja na utepe mwekundu, vikaingia katikati ya miti yake, vikavuka kijito, vikatokea ng'ambo. Kibarua mmoja alikuwa akigongelea cha mwisho.

"Kaka, hivi ni vya nini?"

"Barabara, dada. Itapita hapa hapa. Mbona ilishaamuliwa zamani?"

Akampigia mpima simu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mifuko."

"Ukaniacha nilipende bonde lote hili, huku unalipima sanda!"

"Bi Rangi, nisikilize..."

"Bi Rangi hayupo." Akakata.

Alirudi chumbani kwake. Mpima alipiga, hakupokea. Alituma ujumbe, hakujibu. Akajaribu kurudia machweo ya hoteli, akashindwa hata hayo. Mkono sasa uliyakataa.

"Mwanangu," shangazi alisema huku akitia uzi kwenye sindano, "unachomlilia ni miti au ni yeye?"

"Vyote, shangazi."

"Haya. Miti haina simu. Huyo anayo. Na hiyo miti, kama bado imesimama, wewe umekaa humu unafanya nini?"

Swali hilo lilimchoma. Kesho yake alikuwa kilimani, ubao mkubwa mbele yake. Alianza kuchora bonde kama alivyolipenda, bila vigingi, na likatoka zuri na la uongo. Lingefaa sebule ya hoteli. Akalitazama, akalifuta kwa kitambaa. Kisha akachovya brashi kwenye nyekundu.

Utepe wa kwanza ulipokaa kati ya majani, kijani chote kilishtuka. Kijito kikaonekana kina pa kwenda. Akauweka wa pili, na mwingine, haraka, machozi yanamtoka na huku anacheka peke yake kama mwendawazimu. Yalikuwa mandhari yenye jambo linaloyafika, naye alikuwepo kuliona. Aliona atarudi hapa miti ikikatwa, na mitambo ikija, na lami ikimwagwa, na atachora yote.

"Umevipanga sawasawa," sauti ikasema nyuma yake. "Fundi wangu mwenyewe hukosea."

Hakugeuka. "Nani kakwambia niko hapa?"

"Shangazi yako. Alipokea simu yako ulipokuwa unaoga, akanigombeza mpaka masikio yakaniwaka, halafu akanielekeza."

Mpima akaja mbele, kofia mkononi. "Sina la kujitetea. Barabara siichagui mimi, ila ulimi ni wangu. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Nilikuona unavyochora, nikaogopa kwamba nikisema hutapanda tena."

"Nisingepanda nilie? Nisingepanda niage? Barabara sikulaumu. Nakulaumu kwa kunyamaza."

"Nimekosa, mpenzi."

"Ukinificha tena jambo..."

"Nitakwambia hata nikiumwa na mbu."

Kicheko kikamponyoka tena. Mpima akavuta pumzi. "Basi na hili nisikufiche. Nataka kuja kwenu na wazee wangu, kuzungumza na shangazi. Nikuoe. Unasemaje?"

Mchoraji alimtazama kuanzia buti hadi nywele, jicho moja limefumbwa, brashi hewani. Katika maisha yake yote hakuwahi kumweka mtu kwenye mandhari. Aliona watu hujaza nafasi bure.

"Nenda ukasimame pale, karibu na kile kigingi."

"Bi Rangi, nimekuuliza—"

"Kushoto kidogo. Hapo hapo! Usitikisike."

Akasimama kama mlingoti, jasho linamtiririka. Brashi ikaenda, ikarudi. Kwenye ubao, katikati ya kijani na nyekundu, mtu mrefu akaanza kuonekana.

"Na jibu langu?" aliuliza bila kusogeza midomo.

"Ndiyo," mchoraji alisema, akichovya rangi. "Sasa acha kucheka, naharibu mdomo."