Pete ya Bibi Tangawizi

Kila asubuhi ya likizo, kabla duka halijafunguliwa, Chiriku alifagia sakafu ya karakana ya baba yake, kisha akayachekecha mavumbi kwa ungo mdogo. Baba yake alikuwa sonara, na mavumbi ya sonara hayatupwi ovyo, maana huwa na chembe za dhahabu. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Jirani ndiye aliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Akili alikuwa nazo, tusimwonee. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali, na miguu ilikuwa mizito kila alipotumwa.

Jumatatu moja alikuja bibi mjane wa mtaa wa nyuma. Alifungua fundo la kitambaa akatoa pete ya marehemu mumewe, akaomba ipunguzwe ili aivae yeye. Kwa ndani ilikuwa imechongwa neno moja, "Wangu". Ndivyo mumewe alivyomwita kwa miaka arobaini, na hakumwachia hata picha. Vidole vya bibi vilikuwa vimevimba mafundo na kupinda kwa baridi yabisi. Alipotoka tu, Chiriku akasema vidole vile havifai pete, vinafaa kutwangwa na kutiwa kwenye chai. Akambandika jina la Bibi Tangawizi. Watoto wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na jioni ile mtaa mzima ulikuwa na jina hilo mdomoni.

Sonara alikuwa na desturi asiyoivunja. Kidole hupimwa mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu hupungua kwa baridi na kujaa kwa joto na kazi. Hupimwa kwa ukanda wa karatasi, si kwa uzi, kwani uzi hunyumbuka. Tena hupimwa na kwenye fundo lake, maana pete hupita hapo kwanza. Kwa kuwa bibi hakuweza kutembea mara kwa mara, Chiriku alitumwa nyumbani kwake.

Kesho yake asubuhi alikwenda. Alizungusha karatasi kwenye shina la kidole tu, kwa sababu fundo lile aliliona kinyaa kuligusa. Bibi akamwambia arudi mchana, atakapokuwa amemaliza kufua. Chiriku akaitikia vizuri, akaenda zake kuruka kamba. Jioni alikaa kwenye ngazi ya duka akaandika milimita hamsini na sita, hamsini na saba, hamsini na sita. Alizitofautisha kidogo ili uongo usionekane, na za fundo akaziongezea milimita moja moja. Baba yake alizisoma, akamsifu, akaikata pete.

Jumamosi asubuhi Chiriku aliipeleka. Pete ilifika kwenye fundo ikagoma.

"Mjukuu wangu, hii haiingii," bibi alisema.

Hapo Chiriku aliingiwa na hofu. Pete ikirudi, baba angeuliza vipimo. Akachukua sabuni, akaupaka mkono wa bibi, akaanza kusukuma.

"Vumilia kidogo, bibi. Pete mpya zote ziko hivi."

Bibi aliuma midomo, machozi yakamtoka. Pete ilipopita aliitazama akatabasamu, akamshukuru. Chiriku alirudi nyumbani akiruka ruka.

Saa tisa alasiri jirani mmoja wa bibi alimleta dukani akiwa amemshika kiwiko. Kidole kilikuwa kimevimba na kugeuka zambarau. Bibi akaeleza kwamba asubuhi pete ilisukumwa kwa sabuni. Sonara alijaribu sabuni, mafuta, maji ya barafu. Pete haikusogea wala kuzunguka. Akachukua msumeno wake mdogo kuliko yote, akainama kutafuta mahali pa kuupitisha. Palikuwa na mahali pamoja tu, upande wa kiganja, na ndipo lilipokuwa lile neno.

"Hakuna pengine, baba?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Tukichelewa utakikosa kidole."

Akampa Chiriku mkono ule aushike, akamkataza kufumba macho. Kazi ilichukua muda mrefu. Kila msumeno ulipokwenda, unga wa dhahabu ulianguka sakafuni. Pete ilipoachia, upande mmoja ulisomeka "Wa", na mwingine "gu". Herufi ya kati ilikuwa imegeuka unga.

Sonara alikipima kidole juu ya fundo. Milimita sitini na mbili. Akamuuliza binti yake ile siku ya kupima alimkuta bibi akifanya nini mchana. Chiriku akasema alimkuta anafua.

"Hakuja," bibi alisema taratibu. "Nilimngoja mlangoni mpaka jua likazama. Nikadhani ameona jina alilonipa linanitosha. Vilivyoharibika ni vidole, mwanangu. Masikio yangu ni mazima."

Chiriku aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi, bibi akamwomba jirani amrudishe nyumbani.

Uvimbe uliposhuka, Chiriku alikwenda kwa bibi mara tatu kwa siku, siku tatu mfululizo, akapima shina na fundo. Baba yake aliongeza kipande cha dhahabu, akaiunga pete, na safari hii iliingia bila sabuni. Sonara alijitolea kuichonga upya ile herufi bila malipo. Bibi akakataa. Alisema hiyo itakuwa ya sonara, si ya mume wake. Akaivaa na pengo lake.

Asubuhi iliyofuata baba alimkuta Chiriku amepiga magoti, anachekecha kwa mara ya nne mavumbi ya siku ile pete ilipokatwa, analia.

"Chembe utazipata," alimwambia, "lakini herufi ya bibi huwezi kuichekecha. Ulipoandika vipimo vya uongo ulidhani vitakaa kwenye karatasi, kumbe vilikwenda kukaa kwenye mwili wa mtu. Na pete ilipogoma, bado ulikuwa na nafasi ya kusema kweli. Wewe ukachukua sabuni."