Jibu 1 Kukubali

— Kaltumu! Umeolewa lini mi nisijue?

Mukankusi alikuwa juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile anayoizungusha kwa mikono kwenda kuuza nyanya Goma. Mkononi alishika simu ya binti yake.

— Mama, nani ameolewa?

— We! Sikia: "Kaltumu, mume wako Abdu amekubaliwa kiti cha magurudumu. Serikali italipa. Umeandikwa msaidizi wake nyumbani. Jibu 1 kukubali, 2 kukataa."

Kaltumu aliuachia mto aliokuwa akiushona. Neno "mume" alilipita bila kulisikia. Alisikia kiti cha magurudumu.

— Abdu ameumia! Jana alipanda pikipiki kwenda Mahoko!

Akatoka mbio na kandambili moja. Nyingine ilibaki chini ya cherehani.

Abdu alikuwa na miezi mitatu kwenye karakana ya viti na magongo, akiunda programu: fundi akimpa mlemavu kifaa, anakiandika humo, na serikali inamrudishia fundi gharama. Kaltumu, mshonaji wa mito ya viti hivyo, aliachia shule darasa la nne. Abdu alimchagua yeye kujaribu kila ukurasa, maana Kaltumu hasemi ameelewa kama hajaelewa. Siku moja alimwambia kwa sauti ndogo:

— Hapa munaandika mutu kuwa musaidizi bila kumuuliza. Akubali mwenyewe kwanza.

Abdu akaweka. Ile 1 na 2 ilitoka kwa Kaltumu.

Sasa programu imekwisha, kesho Abdu anarudi Kigali, na kati yao hakuna aliyethubutu kumwambia mwenzake lililo moyoni.

Alimkuta mlangoni mwa karakana, amesimama wima, anakula sambusa.

— Miguu yako iko wapi?

— Iko hapa, yote mbili. Mbona unalia? Na kandambili ingine?

— Meseji inasema umepewa kiti!

Sambusa ikaanguka.

— Yewe! Imetoka? Nilikuwa najaribu tu, nikajiandika mimi mwenyewe mulemavu. Nilifikiri meseji bado zimefungwa!

— Na muke? Ulikuwa unajaribu muke pia?

— Programu haiendelei bila musaidizi. Ilitaka jina, na kama ni muke ao ni ndugu. Vidole vikaandika lako, na "muke".

— Vidole!

Mafundi wote walikuwa wameacha nyundo. Mukankusi naye akafika, anahema.

— Kandambili yako hii. Simu yako hii. Mujibu, watu wanangoja.

Kaltumu, uso unawaka kwa aibu, akabonyeza 2.

Kompyuta mezani ikalia. Gatete, fundi mkuu, akasoma kwa sauti:

— "Kaltumu amekataa." Bon! Kijana, programu yako inafanya kazi muzuri kabisa.

Karakana nzima ilicheka. Abdu hakucheka.

— Nisamehe, Kaltumu. Ningekuuliza kwa mudomo. Kila siku nakuita, "kuna kosa ukurasa wa pili, njoo uangalie." Hakukuwa na kosa.

— Hata lile la Jumatatu?

— Hata lile.

— Nilikaa saa mbili nalitafuta!

— Najua. Nilikuwa nakuangalia.

Kaltumu aliinama, akavaa kandambili yake polepole sana.

— We Abdu, alisema Mukankusi. Binti ya mutu haombwi na kompyuta. Uko na wazee?

— Niko nao, Mama.

— Donc? Basi si uwatume!

Abdu alikwenda Kigali, akakabidhi kazi, akarudi. Jumapili wajomba zake wawili walikuwa sebuleni kwa Mukankusi, chai ya tangawizi mbele yao. Walipomaliza kusema yao, mjomba mkubwa akauliza:

— Na binti mwenyewe anasemaje?

Kaltumu alikuwa nyuma ya pazia. Wakamuuliza tena, na mara ya tatu. Abdu akajifuta jasho kwa mkono wa kanzu, akikumbuka ile 2. Mukankusi akakohoa, akakohoa tena.

Simu ya Abdu ikalia mfukoni. Aliitazama, akampa mjomba. Mjomba akavaa miwani.

— Iko namba tu hapa. Moja. Bon, moja ya nini?

Mukankusi alipiga vigelegele mpaka jirani wakafungua madirisha, na nyuma ya pazia mtu akaangua kicheko kikubwa ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia.