Plagi Nyeusi

Msimu wa kupulizia salfa, Mwanne huamka jogoo hajamaliza kuwika. Kazi yake ni kuchanganya mafuta ya mashine: chupa moja ya petroli, kifuniko kimoja cha oili. Kisha mama yake hubeba mashine mgongoni na kuingia shambani wakati umande ungali kwenye maua ya mikorosho. Umande ukikauka, unga wa salfa haushiki, na ugonjwa hula maua.

Jumanne moja mashine ilikohoa, ikatoa moshi mzito, ikazima. Mama alivuta kamba weee! Kimya.

"Ni kaka yangu huyu!" alisema akijifuta jasho. "Jana kaazima nzima, karudisha mbovu. Haigusi tena."

Mwanne aliinamisha kichwa. Mjomba Abdulazizi hakuwa na mashine nyingine, na mikorosho yake ndiyo kwanza inachanua.

Wakaipeleka kwa jirani yao hapo Mkunya, fundi Fikirini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwanne. Mbona umenuna kama uliyenyimwa ming'oko ya kuchemsha?"

Fundi alifungua plagi, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha injini, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Tazama, Mama Mwanne. Ingekuwa nyeupe kama majivu, ningesema injini inaungua kwa joto. Ingekuwa kahawia kama karanga za kukaanga, ningesema haina neno. Hii ni nyeusi, imelowa, inateleza. Imenyweshwa oili kupita kiasi. Nani kachanganya mafuta?"

"Mimi," Mwanne alisema. "Alfajiri petroli ilinimwagikia. Nikaogopa, nikajazia oili mpaka chupa ikajaa. Mjomba hana kosa."

Mama alimtazama. "Na ulinisikia nikimsema?"

"Nilikusikia, mama."

Fundi alimwaga mafuta yale, akaisugua plagi kwa brashi, akaikausha. Mwanne akapima mchanganyiko mpya. Mama alipovuta kamba mara ya tatu, mashine ikanguruma. Umande ulikuwa bado haujakauka.

"Nikimaliza," mama alisema, "utampelekea mjomba wako mashine, na utamweleza mwenyewe. Mimi nitakuja nyuma yako, nina radhi ya kumwomba."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa.

"Kumwaga petroli ni bahati mbaya, mwanangu. Kuficha ndiko kulikoizima mashine, na kungemkosesha mjomba wako mavuno. Plagi chafu husafishwa ikang'aa, lakini sharti kwanza ifunguliwe."