Kinanda cha Marehemu Rénovat

Mnanichosha na kuniomba hadithi hii, na mnajua inanitia kichefuchefu. Haya, kaeni.

Mwaka tisini na saba rafiki yangu Annonciata alimpelekea chai Arcade, mwalimu wa kwaya hapa Majengo. Arcade alikuwa amefunga madirisha, anarekodi kwa kompyuta ya kanisa. Waya ulitoka kwenye kinanda ukaingia kwenye kompyuta. Ukibonyeza kitufe cha kinanda, kidoti kinawaka kwenye kioo cha kompyuta. Kinanda chenyewe alikichukua nyumbani kwa marehemu Rénovat, mpiga kinanda wa kwaya, kabla matanga hayajaondolewa.

“Huna aibu, baba? Mjane bado analala chini!”

“Marehemu ana kazi gani nacho, mama? Weka chai.”

Mara vidoti vikaanza kuwaka na wimbo ukasikika, naye hajagusa kitu. Arcade akachomoa waya, akauviringisha mkononi. Vidoti vikaendelea. Kwenye kinanda vitufe vilikuwa vinazama kimoja kimoja, vimelowa ute unaonuka kama kidonda. Annonciata akatapika mlangoni.

Arcade alimrudishia mjane kinanda pamoja na mbuzi wa matanga kama faini. Lakini alicholipa hasa ni vidole. Mpaka leo mkewe anamlisha, maana akigusa ugali vinaubonyeza vyenyewe, wimbo uleule.