Pipa la Bluu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kujaza pipa maji. Lilikuwa pipa kubwa la bluu, limekaa kwenye kona ya jiko. Baba alilileta mwenyewe kutoka kazini, kalibeba kichwani huku anapiga mluzi. Alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kinachopika magogo mpaka yawe uji mzito wa kutengenezea karatasi. Mapipa yakiisha dawa, wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua. Mama alilisugua kwa sabuni na mchanga mpaka mikono ikamuuma. Majirani walipoliona, nao wakataka, na baba hakujua kusema hapana.

Kisha mdogo wangu, tuliyemwita Kibonge, akaanza kukataa chakula. Vidonda vilimtoka mdomoni, tumbo likawa linamkata, mashavu yakanywea.

"Ni samaki wa mtoni," alisema mama, maana maji machafu ya kiwanda yalimwagwa huko. Tukaacha samaki. Kibonge akazidi kukonda.

"Basi ni moshi," alisema jirani yetu, Mama Pacha. Tukafunga madirisha. Vidonda vikaongezeka.

Nilichanganyikiwa. Shuleni nako wenzangu waligombana.

"Kiwanda kinatuua!" alisema mtoto wa mvuvi. "Jana baba kashinda mtoni, kaambulia kandambili."

"Na hizo sare ulizovaa?" alimjibu mwenzake. "Mama yako si anawauzia chai wafanyakazi pale getini?"

Wote wawili walisema kweli. Sikujua nishike upande gani. Chakula chetu kilitoka kiwandani. Je, na ugonjwa wa Kibonge?

Mwishowe baba aliomba ruhusa kazini, tukampeleka Kibonge zahanati. Muuguzi alimchungulia mdomoni, akauliza tunachota wapi maji.

"Kisimani, kule juu, mbali na kiwanda," alijibu baba.

"Na mnayaweka kwenye nini?"

Baba alinigeukia. Nikajibu mimi, "Kwenye pipa la bluu."

"Lilikuwa na nini?"

"Dawa ya kung'arishia karatasi," baba alisema polepole. "Lakini tuliliosha, sista. Wala halinuki."

"Mzee, mji mzima huu unanuka mayai viza. Pua zenu zitajuaje? Dawa ile huingia ndani ya plastiki, sabuni haiitoi. Nyinyi mnashinda kazini na shuleni. Huyu bado mdogo, na anashinda nyumbani, akinywa maji hayo hayo."

Tulipofika nyumbani, baba alimwaga maji yote, akalitoboa pipa kwa nyundo na msumari. Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi tena?" mama aliuliza.

"Kwa wale niliowapa."

"Watakutukana, baba watoto."

"Wacha wanitukane. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nimewagawia hata majirani."

Nilimfuata. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Shemeji, ulinipa pipa au ulinipa jeneza?"

"Nilikosea, shemeji," alisema baba. "Naomba tulitoboe."

Alimsema baba mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaingia ndani, akarudi na ndoo. "Haya, chukueni. Kesho mtachotea nini, viganja?"

Tulikwenda nyumba zote. Kesho yake baba alimweleza msimamizi wake, na tangu hapo mapipa yakawa yanatobolewa kabla hayajatoka getini. Kibonge alipona taratibu, mpaka siku moja mama akamfumania anadokoa nyama sufuriani, akacheka badala ya kumkaripia.

Jioni ile nilimuuliza baba, "Kwani kiwanda ni kizuri au kibaya?"



"Hata mimi sijui, mwanangu. Kinatulisha, na kinatuumiza. Wakubwa bado tunabishana, na nyinyi mtabishana. Lakini mambo mawili nayajua. Ukipewa kitu, uliza kwanza kilikuwa na nini. Na ukigundua umekosea, waambie watu siku hiyo hiyo. Usingoje mtoto wa mwenzako augue ndipo upate ujasiri."