Mgeni wa Ukutani

Tega sikio nikutegee. Mgeni wangu huingia kwa tundu dogo kuliko punje ya dengu. Hutembea ukutani miguu juu, kichwa chini. Chakula hali, salamu haitikii. Ni nani? Usinipe mji bado. Njoo kwanza kwa Turfa, maana yeye aliishi na mgeni huyo akidhani anamjua.

Turfa alikuwa mjane wa Fustati, mji wa jirani na Kairo. Mumewe, Safwan, alikuwa mchukuzi wa maji. Kila asubuhi alipita vichochoroni na kiriba cha ngozi, mgongo umepinda kama mundu. Homa ikaja, ikamchukua. Turfa akaingia eda.

Eda ni kukaa ndani, hilo kila mtu analijua. Lakini wifi yake, Labiba, aliongeza lake.

"Na madirisha uyafunge, wifi. Jicho hutoa miale. Ukichungulia nje, miale yako inakwenda kumgusa mwanamume wa watu. Utaiharibu eda ya kaka yangu."

Siku zile hata wasomi wengi waliamini kuwa jicho hutoa miale. Turfa angebishana na nani? Akatia komeo. Chumba chake cha ghorofani kikawa giza kama ndani ya mtungi. Akipika dengu, mkono wake ulipima za watu wawili, kisha akala peke yake. Akisema neno, hakuna wa kumjibu.

Asubuhi moja fundo la ubao wa dirisha lilidondoka, likaacha tundu. Turfa akaona kitu kwenye ukuta wa pili, karibu na dari. Mtu! Mgongo umepinda, kiriba kimemlalia. Alikwenda miguu juu, kichwa chini, kimya, kisha akapotea.

"Safwan," Turfa akanong'ona.

Kesho yake alikuja tena. Na kesho kutwa. Turfa akaacha kulia. Lakini pia aliacha kupika, na usingizi akaukimbia, asije akampita. Mlango nao alikataa uachwe wazi, mwanga usije ukamfukuza mumewe.

Aliyemletea maji ni jirani yake, Munisa, mtengeneza wanja na dawa za macho. Siku moja alimkuta ameukodolea macho ukuta.

"Mwenzangu, umekonda kama utambi! Unatazama nini?"

"Funga mlango! Anakuja."

"Nani?"

"Mume wangu. Huko waliko wafu, nadhani kila kitu kimepinduka."

Munisa hakucheka. Alifunga mlango, akakaa naye. Yule mtu akapita. Munisa akainuka.

"Mimi nashuka kichochoroni. Wewe tazama ukuta, usinitazame mimi."

Alijitanda shuka nyekundu kichwani, akatoka. Punde Turfa akamwona ukutani, mdogo kama mwanasesere. Viatu juu, shuka nyekundu chini. Tena anakata kiuno kama yuko harusini! Turfa akacheka bila kutaka. Akaziba tundu kwa kidole. Munisa akatoweka. Akaondoa kidole. Munisa huyo, bado anakatika.

Ndipo cheko likamkauka Turfa.

Munisa alirudi akihema. "Umeniona?"

"Nimekuona. Ulipinduliwa na nani?"

"Na tundu. Marehemu baba yangu, tabibu wa macho, alinifundisha mambo ya mwanachuoni wa Basra aliyehamia Kairo, Ibn al-Haitham. Bwana yule hakukubali neno kwa kuwa wakubwa wamelisema. Alilijaribu. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza. Kila taa ikatia doa lake la mwanga ndani. Akifunika taa moja, doa la taa hiyo tu ndilo linapotea. Mwanga hunyooka, Turfa, haukati kona. Unaotoka miguuni pangu, kule chini, unapita tunduni na kupanda juu kabisa ukutani. Unaotoka kichwani unatua chini yake. Basi nakuwa kichwangomba."

Nawe sasa umemjua mgeni wa kitendawili changu. Ni mwanga.

"Na jicho je?" Turfa akauliza. "Wifi anasema linatoa miale."

"Ukilikazia jua macho, anayeumia nani? Jua au wewe?"

"Mimi."

"Basi! Jicho halitoi kitu, linapokea. Mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Macho yangu yangekuwa na miale, yule muuza vitunguu anayenipunja angeshaungua zamani. Eda yako iko palepale. Fungua dirisha, upate mwanga na hewa."

Turfa hakucheka. "Kwa hiyo yule si yeye."

"Si yeye. Ni Zuraiki, mchukuzi mpya. Amepewa njia ya Safwan." Munisa akamshika mkono. "Pole, dada yangu. Nimekunyang'anya mtu."

Turfa alijifunika uso, akalia kilio chote alichokuwa amekiweka. Munisa hakumkataza. Alipokuwa anaondoka, alisimama mlangoni.

"Zuraiki huniuliza kila akipita: 'Ile nyumba ya dirisha lililofungwa, ina mtu?' Sijamjibu. Nyumba ni yako. Nimwambie nini?"

Turfa akalitazama komeo la dirisha. Munisa akaenda zake.

Asubuhi Turfa alisimama mbele ya komeo kitambo kirefu. Kisha akalivuta. Mwanga ukajaa chumbani. Aligeuka kuutazama ukuta. Ulikuwa ukuta tu, mweupe, hauna mtu, na moyo ukamuuma. Aliona vumbi kwenye chungu. Akakifuta, akainjika dengu, akala zikiwa za moto.

Kichochoroni akaja mwanamume mfupi mwenye kiriba, kichwa juu, miguu chini. Hakufanana na Safwan hata kidogo. Akaona dirisha limefunguliwa, akasimama.

"Nyumba hii ina mtu?"

Turfa akavuta ushungi.

"Ina mtu," alisema. "Nipo."