Kengele ya Bawa la Kushoto

Kila jioni msimu wa kupanda, Signe Torvik akitoka shule alitupa mkoba, akala mkate na jibini akiwa amesimama, kisha akapanda kwenye trekta. Mama yake alishuka kumpisha, akaenda kupakia mbegu kwenye lori. Baba alikuwa mgodini, kaskazini.

Trekta lilifuata setilaiti, likajiongoza lenyewe. Kazi ya Signe ilikuwa kutazama kioo cha kidhibiti, kisanduku kinachoiamuru mashine ya kupandia iliyovutwa nyuma, yenye mabawa kadhaa ya mabomba ya mbegu, idondoshe dengu wapi na kiasi gani. Kengele ikilia, asimame, ashuke, akague mabomba. Basi. Mbele yake ilikuwa tambarare tupu na nyumba moja iliyopigiliwa mbao madirishani. Rafiki yake Berit aliishi pale, kabla wazazi wake hawajauza shamba na kuhamia mjini.

Siku hiyo, karibu na kisima, kengele ililia: bawa la kushoto. Signe alishuka. Vumbi tu kwenye mabomba; akalifuta. Ikalia tena. Vumbi tena. Ilipolia mara ya tatu alifoka, "Nenda zako huko!" akakiamuru kidhibiti kisilijali bawa lile. Kukawa kimya, kimya kibaya kuliko kengele.

Aliposimama kungoja mbegu, aliona bomba la kushoto limeshindiliwa tope. Alilizibua. Kwenye kioo shamba lote lilikuwa kijani, kana kwamba limepandwa.

Lori likafika. "Vipi, binti? Limekusumbua?" Mama aliuliza.

Signe alitazama mawingu ya magharibi. Akinyamaza, hakuna atakayejua mpaka dengu ziote, na hapo muda wa kupanda utakuwa umepita. Mistari mitupu ingebaki kando ya barabara, ambako majirani hupita polepole kila Jumapili baada ya kanisa, wakichungulia mashamba ya wenzao.

"Mama, bawa la kushoto halikupanda. Tangu kule kisimani."

"Na kengele?"

"Niliizima. Ilikuwa inalia ovyo."

"Uliizima! Sasa humo ndani nilikuweka uwe pambo? Sogea."

Mama alifunga mabawa mengine kwenye kidhibiti, akaacha la kushoto peke yake. Trekta likarudia njia zake zilezile, likajaza mistari iliyorukwa. Walipomaliza, mvua ikaanguka, na kona ya mashariki ikabaki haijapandwa.

"Majirani watauliza," Signe alisema.

"Waulize. Utawajibu wewe." Mama alizima injini. "Kwa nini hukuniita kwenye redio?"

"Ulisema redio si ya porojo."

Mama aliitazama ile nyumba ya kina Berit.

"Sikiliza, mwanangu. Kisanduku hiki kinatii tu. Ukikiambia kifumbe macho, kinafumba, halafu kinakuonyesha kijani. Kengele ikilia mara mia, unashuka mara mia. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo, wakati bado kuna cha kuokoa. Ungenyamaza, tungepoteza mavuno, na mimi nisingekuamini tena."

Udongo ulipokauka, Signe alirudi kwenye trekta kuimalizia ile kona. Kengele ililia. Akashuka, akafuta vumbi, akapanda tena. Redio ikakoroma.

"Signe, unaona nini huko?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Hata huku. Haya, nisimulie hicho hakuna kitu chako kikoje."